Tafadhali msichapishe bei ya mateka

Kwako Mhariri,

Kuna desturi katika vyombo vya habari vya hapa kwetu ambayo tunaomba ikome kabla meli nyingine haijatekwa. Baharia wa Likoni au Mikindani akishikwa baharini, habari ya kwanza ni jina lake, ya pili ni mtaa wa kwao, na ya tatu ni dola ngapi zinadaiwa. Kesho yake hutoka picha ya mama mtu amekaa sebuleni, nyuma yake televisheni na kabati la vyombo. Kufikia siku ya tatu kamati ya mchango imeshasambaza bango la WhatsApp lenye sura ya kijana, nambari ya paybill na lengo la shilingi milioni kadhaa. Wote hao wana nia njema. Ila anayelisoma bango lile kwa makini kuliko wote ni yule aliyemshika kijana, na macho yake yako kwenye lengo la mchango.

Watu hudhani mtekaji nyara anajua anachotaka. Hajui. Anajua amemshika mtu, basi. Mambo matatu yanamsumbua usiku na mchana: nani atalipa, ana uwezo wa kulipa kiasi gani, na ana haraka kiasi gani. Miezi yote ambayo mateka hukaa kifungoni huishia katika kuyatafuta majibu hayo, kwa vitisho, kwa simu za saa nane usiku, kwa kumpiga mateka huku simu ikiwa wazi ili wa nyumbani wasikie. Anayempa majibu hayo bure, hata kwa huruma, amemsaidia kupanga bei.

Tuuchukue uharamia wa Somalia, kwa kuwa ndio uliochunguzwa hesabu zake vizuri zaidi na ndio uliotugusa sisi watu wa Mombasa. Juni 2005 meli ya Semlow, iliyopakia hapa bandarini mchele wa Shirika la Chakula Duniani (WFP) kwa waathiriwa wa tsunami nchini Somalia, ilitekwa ikashikiliwa zaidi ya miezi 3. Septemba 2008 ilitekwa Faina, iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33. Maersk Alabama, Aprili 2009, nayo ilikuwa njiani kuja huku na chakula cha msaada. Ripoti iliyotolewa mwaka 2013 na Benki ya Dunia, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu (UNODC) na Interpol ilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2012 zililipwa dola milioni 339 hadi milioni 413 kwa meli 179. Haramia wa kawaida, yule anayepanda ngazi na bunduki mgongoni, aliambulia kati ya dola 30,000 na 75,000 kwa meli. Wa kwanza kukwea, au aliyekuja na silaha au ngazi yake mwenyewe, aliongezewa hadi dola 10,000. Mfadhili aliyekaa nchi kavu alichukua asilimia 30 hadi 50 ya kikombozi chote.

Pesa zilizobaki ndizo zinazoeleza tabia ya biashara yenyewe. Meli ikishatiwa nanga ufuoni, inahitaji walinzi wa zamu, mpishi, mbuzi, maji, mafuta ya jenereta, kadi za simu, mkalimani, na miraa. Karibu vyote hivyo huletwa kwa mkopo. Mlinzi hutafuna miraa ya mkopo kwa bei iliyozidi ya mjini, na siku kikombozi kikifika deni lake hukatwa kabla hajashika noti. Wako waliolinda meli miezi kadhaa wakatoka na kidogo sana. Maana yake ni kwamba muda unamuuma mtekaji pia. Kila wiki inayopita bila malipo, wakopeshaji hunung'unika, walinzi hugombana, na mfadhili hujiuliza kama atie pesa nyingine au amalize mambo. Hapo ndipo habari ya gazeti inapofanya madhara makubwa. Mfadhili aliyekuwa karibu kukubali kiasi kidogo akisikia redioni kwamba kampuni imetenga mamilioni, au kwamba mbunge ameahidi serikali itasaidia, anawakopesha walinzi mwezi mwingine. Huo mwezi baharia anaulala chini.

Tumeona pia kosa la kutaja bei baada ya mateka kuachiliwa. Machi 2024 meli ya Bangladesh iitwayo Abdullah, iliyokuwa imebeba makaa ya mawe kutoka Maputo, ilitekwa ikiwa na mabaharia 23. Waliachiliwa wote katikati ya Aprili, baada ya mwezi mmoja na siku chache. Kiasi kilichotajwa kulipwa kilizunguka dunia nzima siku hiyohiyo. Hatukirudii hapa, kwa sababu meli ijayo itapimwa kwa ratili hiyohiyo. Jambo la kujifunza katika kisa kile ni jingine: wenye meli walikuwa wameshapitia masaibu kama hayo na meli yao nyingine, Jahan Moni, mwaka 2010, na walijua waanzie wapi.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi. Dai la kwanza huwa kubwa kupita kiasi, kusudi lipime mshtuko. Familia isiyo na mshauri hujibu kwa kutaja kila ilicho nacho, ikidhani ukweli utamlainisha mtekaji. Yeye husikia kwamba kiasi kile kilipatikana siku moja, basi wiki ijayo kitapatikana mara mbili. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii huanza chini na kupanda kwa hatua zinazopungua. Tuseme uwezo wa kweli wa familia, baada ya kuuza kiwanja na kukopa chamani, ni shilingi 900,000. Toleo la kwanza liwe 300,000. La pili, baada ya siku kadhaa, 500,000. Halafu 620,000, halafu 680,000, halafu 704,500. Nyongeza zimeshuka kutoka 200,000 hadi 24,500, na nafasi kati ya toleo na toleo imerefuka. Hiyo tarakimu isiyo ya mviringo mwishoni ina kazi yake: inasema hapa tunakwangua sufuria. Mtekaji anaelewa lugha hiyo kuliko machozi. Familia ikitoka 300,000 ikaruka hadi 800,000 kwa sababu usiku ule mateka alipigwa, imemfundisha kwamba kupiga kunalipa, na atapigwa tena.

Anayepokea simu asiwe mwenye uamuzi. Asiwe baba, asiwe mke, asiwe anayejulikana kuwa na pesa. Awe mtu mtulivu, mwenye sauti moja asubuhi na usiku, anayeweza kusema bila kudanganya, "Nimekusikia, nitawafikishia wazee." Kwetu Pwani jibu hilo halishangazi mtu, kwani hakuna nyumba isiyo na wazee wa kuulizwa. Pembeni yake akae wa pili mwenye daftari, anayeandika saa ya simu, nambari, urefu wa mazungumzo, maneno ya dai kama yalivyosemwa, na sauti za nyuma: adhana, jenereta, mawimbi, watoto, lugha wanayosemezana wenyewe kwa wenyewe. Simu hiyo iwe na laini yake, ichajiwe wakati wote, na isitumiwe kwa salamu wala michango.

Kabla ya kuzungumza pesa yoyote, ulizwe ushahidi kwamba mateka yu hai, na uulizwe tena kabla ya kukabidhi malipo. Picha haitoshi, na siku hizi hata sauti haitoshi, kwa kuwa programu za kuiga sauti ziko mikononi mwa matapeli. Liulizwe swali ambalo jibu lake halipo kwenye kitambulisho wala Facebook: mwalimu wa chuoni alimwita kwa jina gani la utani, ng'ombe wa babu alikufa kwa nini, kovu la gotini alilipata akipanda mti gani. Swali moja litumike mara moja tu. Hapa pia ndipo utekaji wa uongo unapofichuka. Mzazi anapigiwa kwamba mwanawe ameshikwa, anaambiwa asikate simu, atume pesa sasa hivi kwa nambari hii. Lile sharti la kutokata simu lipo ili asiweze kumpigia mtoto mwenyewe. Mwingine wa nyumbani ampigie mtoto, ama shule, ama jirani yake, kabla hata shilingi moja haijatoka.

Mambo huharibika zaidi milango inapokuwa mingi. Mbunge ana mtu wake, shekhe ana mtu wake, shemeji aliye Dubai anamjua mfanyabiashara anayemjua mzee wa ukoo Somalia. Kila mmoja anapeleka ujumbe, na kila ujumbe una kiasi tofauti. Mtekaji akipokea matoleo matatu, anaona wanunuzi watatu, na mateka anawekwa mnadani kama samaki wa Old Town. Madalali nao wana sehemu yao humo, na dalali anayelipwa kwa asilimia hana sababu ya kutaka bei ishuke. Hatari nyingine ni "pesa ya chakula" au "pesa ya dawa" inayoombwa mapema. Ikitumwa, haihesabiwi katika kikombozi. Inahesabiwa kuwa mshahara wa mwezi, na mwezi ujao itadaiwa.

Dawa ni jambo la kweli, hata hivyo, na hapo hatuna neno jepesi la kusema. Oktoba 2011 mama Mfaransa aliyekuwa akiishi Manda, mlemavu wa kutumia kiti cha magurudumu, alitekwa na kuvushwa mpaka Somalia. Dawa alizozihitaji kila siku hazikumfikia, akafa katika mwezi huohuo. Wiki chache kabla, Septemba, mtalii Mwingereza alikuwa ametekwa Kiwayu, na mumewe akauawa palepale. Aliachiliwa Machi 2012 baada ya familia kukusanya pesa. Visa hivyo viwili viliua utalii wa Lamu kwa miaka, na wavuvi na wapishi ambao hawakumteka mtu ndio waliolipia. Ikiwa mateka ana kisukari, presha au pumu, jina la dawa na kipimo chake visomwe kwa mtekaji katika simu ya kwanza kabisa, polepole, na vitumwe kwa maandishi. Mateka aliyekufa hana bei, na hilo ni miongoni mwa mambo machache ambayo pande zote mbili zinakubaliana.

Kukabidhi pesa ni kazi ngumu kuliko watu wanavyofikiri. Noti ya dola 100 ina uzito wa takriban gramu 1, kwa hiyo milioni moja ni noti 10,000 na kilo 10. Meli ya mafuta ya Sirius Star ilitekwa Novemba 2008 umbali wa maili za baharini zipatazo 450 kusini-mashariki mwa Mombasa. Januari 2009 kifurushi cha malipo yake kilidondoshwa kwa parachuti kutoka ndege ndogo. Maharamia wakagawana, na boti moja ikapinduka ikirudi pwani: watano walikufa maji na mgao wao. Mei 2011 watu sita waliobeba dola milioni 3.6 za kukomboa meli walikamatwa uwanja wa ndege wa Mogadishu, wakahukumiwa vifungo vya miaka 10 hadi 15 kabla ya kusamehewa na rais, na pesa zikachukuliwa. Mateka waliokuwa wakizingojea waliendelea kungojea. Familia isikubali kutoa pesa kabla hayajapangwa haya: mateka ataachwa wapi, saa ngapi, atapokewa na nani, na ni simu gani itathibitisha. "Tukipata tutamwacha" si mpango.

Sheria inatofautisha anayelipwa, na tofauti hiyo ni muhimu ijulikane hapa. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisema kulipa kikombozi kwa maharamia si kosa kwa sheria ya huko, na kwa kuwa bima nyingi za meli huandikwa London, uamuzi huo ulishika dunia nzima. Magaidi ni habari nyingine. Azimio 2133 la Baraza la Usalama, Januari 2014, linazitaka nchi zizuie magaidi wasifaidike na vikombozi. Uingereza mwaka 2015 iliwaharamishia wenye bima kuwarudishia watu pesa za aina hiyo. Na kwetu Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inaadhibu wanaowapa magaidi fedha. Familia inayodhani inazungumza na maharamia huenda inazungumza na Al-Shabaab, au mateka akauzwa kwao katikati ya mazungumzo. Kwa hiyo polisi waambiwe mapema, kimyakimya, na mtu mmoja tu wa familia, wala si kwa mkutano wa waandishi. Italia mwaka 1991 ilipitisha sheria ya kuzuia mali za familia ya mtekwa ili wasiweze kulipa. Tunaielewa hoja yake, lakini sheria kama hiyo huwafanya ndugu wajifiche polisi wasijue, na sisi tusingependa kuiona hapa.

Tufike kwenye jambo linalotukera kuliko yote. Bima ya utekaji ilianza kuuzwa London mwaka 1932, baada ya mtoto wa rubani Lindbergh kutekwa Marekani. Tangu hapo tajiri na kampuni kubwa wana mshauri anayeamka usiku kwa ajili yao. Wenye bima hiyo huifanya siri, na mikataba mingi hubatilika mwenye bima akiitangaza, kwa sababu ileile tuliyoieleza hapo juu. Baharia wa meli mbovu isiyo na bima hana mtu. Iceberg 1 ilitekwa Machi 2010. Mwenye meli akawatupa watu wake. Wakakaa karibu siku 1,000 hadi askari wa Puntland walipowaokoa Desemba 2012. Albedo, iliyotekwa Novemba 2010, ilizama Julai 2013 mateka wakiwa bado ndani. Mabaharia wa Naham 3, meli ya uvuvi, walishikiliwa zaidi ya miaka 4 na nusu, hadi Oktoba 2016, na baadhi yao walisimulia baadaye kwamba walikula panya. Oktoba 2010 ilitekwa meli ya uvuvi ya Golden Wave karibu na Lamu. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 39 walikuwa Wakenya. Waliachiliwa Februari 2011, na iliripotiwa kwamba mwenye meli alikuwa na madeni na hakuwa na cha kulipa.

Mkataba wa Kazi za Baharini, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, una kifungu kilichoanza kutumika tarehe 26 Desemba 2020: baharia akishikwa na maharamia, mkataba wake wa ajira haufi na mshahara wake unaendelea kulipwa, pamoja na fungu analotumiwa mkewe au mamake, hadi atakapoachiliwa na kurudishwa kwao. Ni kifungu kizuri sana. Lakini mkataba huo hauhusu meli za uvuvi, wala hauhusu vyombo vya kienyeji kama jahazi. Yaani watu wetu wanaopakia saruji na mchele Old Town kupeleka Kismayu, ambao jahazi zao ndizo maharamia huziteka kwanza wazitumie kufikia meli kubwa, hawamo. Wabunge wa Pwani wanaopenda kupigwa picha na familia za mateka wangeanzia hapo.

Kwa vijana wanaojiandaa kupanda meli, kazi kubwa ya kujikinga hufanyika nchi kavu kabla ya kutia saini. Wakala awe amesajiliwa na Mamlaka ya Ubaharia (KMA). Nenda ofisini kwao uulize kwa jina. Ada unazostahili kulipa wewe ni za pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya. Anayekudai "pesa ya nafasi" amevunja sheria kabla hujaona bahari. Ulizia nambari ya IMO ya meli, yaani nambari yake ya utambulisho wa kimataifa, ambayo ni tarakimu 7 na haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina na bendera mara tano. Itafute kwenye Equasis, tovuti ya taarifa za meli, ambako kujisajili ni bure, uone mmiliki, umri wa meli, na ukaguzi ulioifelisha. Meli ambayo mmiliki wake amebadilika mara tatu kwa miaka miwili, acha. Meli ya biashara inapaswa kuwa na cheti cha dhamana ya kifedha kimebandikwa mahali mabaharia wanapoweza kukisoma. Kipige picha siku ya kwanza uitume nyumbani. Nakala ya mkataba wenye saini zote mbili ibaki kwa mtu wa nyumbani, pamoja na jina la kampuni ya bima, nambari ya IMO, nambari ya simu ya ofisi ya kampuni inayopokelewa usiku, na lile swali la siri na jibu lake.

Ukiwa njiani, uliza kama meli imesajili safari yake kwa vikosi vya wanamaji, kama kuna seng'enge kuzunguka sitaha, na kama kuna chumba cha kujifungia chenye maji, chakula, choo na mawasiliano yanayofanya kazi milango ikiwa imefungwa. Novemba 2025 meli ya mafuta ya Hellas Aphrodite ilivamiwa mbali na pwani ya Somalia. Mabaharia wote 24 walijifungia, na kesho yake manowari ya Hispania ikawafikia. Maharamia hawakuwa na mateka, kwa hiyo hawakuwa na cha kuuza. Chumba hicho hufeli kwa sababu moja ya kawaida, nayo ni kumwacha mtu mmoja nje. Akishikwa mmoja, wengine wote hufungua.

Neno dogo kuhusu wanaoahidiwa kazi za kompyuta Thailand wakajikuta Myanmar. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wakishikiliwa huko katika vituo vya ulaghai wa mtandaoni. Nyumbani hupigiwa simu walipe "gharama za mkataba" ili kijana aachiliwe. Hicho ni kikombozi kwa jina jingine, na kanuni za simu, za daftari na za mchango ni zilezile.

Kuna watakaotujibu kwamba kelele huokoa, na kwamba mateka aliyenyamaziwa husahaulika. Hoja hiyo ina uzito pale mwenye meli anapotoroka. Basi kelele zielekezwe kwake: mtajeni mmiliki, itajeni nchi ya bendera, mtajeni wakala aliyempeleka kijana, hesabuni siku kila Ijumaa. Kiasi kinachodaiwa, kiasi kilichochangwa, picha ya nyumba, kazi ya baba na ahadi ya mheshimiwa ndivyo visivyofaa kuonekana. Mchango ufanywe kwa simu, mtu kwa mtu, bila bango wala kikundi cha watu 200 ambacho hakuna ajuaye nani amo ndani. Kunyamaza kunawezekana. Mwandishi David Rohde wa New York Times alipotekwa Afghanistan Novemba 2008, vyombo vya habari vikubwa duniani vilizuia habari yake miezi saba, kwa ombi la gazeti lake, hadi alipotoroka Juni 2009. Baharia wa Likoni anastahili heshima hiyohiyo.

Familia ikija kwenye dawati lenu na habari ya mateka, tunawaomba kabla ya kamera kuwashwa mwandishi awaulize mambo mawili: nakala ya mkataba wake iko wapi, na nani anapokea simu. Kama hawana jibu, waelekezwe siku hiyohiyo KMA, kwenye chama cha mabaharia, na kwa wakaguzi wa shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi (ITF) walioko hapa Mombasa, ambao huduma yao hailipiwi. Habari kamili iandikwe kijana akishatua uwanja wa ndege wa Moi.

Wasomaji wenu, wa kazi za meli na bima,
Kilindini, Mombasa